Gabbar Alikufa au Hakufa? Kanda za Zamani na Kumbukumbu za Picha Tulizoziona



Mlipoalikwa mliambiwa kwamba nitazungumzia uhifadhi wa filamu. Nitauzungumzia. Ila nitaanza na ugomvi wa nyumbani, kwa sababu huo ndio ulionifikisha hapa. Kabla ya ugomvi huo, kanda zangu zilikuwa mzigo tu wa kubebana nao kila nilipohama nyumba.

Kaka yangu na mimi tumebishana zaidi ya miaka 30 juu ya swali moja: katika Sholay, yule jambazi Gabbar Singh anakufa au hafi? Mimi nasema anauawa. Kaka anasema anakamatwa na polisi akiwa mzima. Tumebishana harusini, tumebishana ndani ya basi la Tanga kwenda Mombasa, na mara moja, Mungu atusamehe, tumebishana kwa kunong'ona kwenye matanga. Naona wengine mnacheka. Bila shaka kila nyumba ina Gabbar wake.

Kwa vijana ambao hawakuiona, niseme kidogo. Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, ikiongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na wawili wanaojulikana kwa jina la pamoja, Salim-Javed. Amitabh Bachchan ni Jai na Dharmendra ni Veeru, wahalifu wawili marafiki. Wanakodiwa na Thakur, ofisa wa polisi mstaafu, wakamkamate Gabbar na kumleta hai. Amjad Khan ndiye Gabbar, na sidhani kama kuna adui katika picha za Kihindi aliyeigizwa zaidi na watoto wa mitaani kwetu kuliko yeye. Gabbar ameiangamiza familia ya Thakur, kisha akamkata Thakur mikono yote miwili. Basi mwenye kisasi hana mikono ya kukilipa. Na Jai ana sarafu yake: kila wanapokwama kwenye uamuzi, anairusha juu. Hiyo sarafu msiisahau, nitairudia.

Kaka aliiona kwenye jumba la sinema, Tanga mjini, mwishoni mwa miaka ya sabini. Baba alimshika mkono wakaenda, mimi nikaachwa nyumbani nikilia kwamba nami ni mkubwa. Mimi niliiona mwaka 1987, kwa kanda. Mjomba alikuja likizo kutoka Muscat akiwa na runinga, deki ya VHS na mfuko wenye kanda saba. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo runinga ile haikuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kuonyesha kanda. Usiku ule sebule ilijaa: watoto kwenye mkeka, wakubwa vitini, na waliokosa nafasi walisimama nje wakiangalia kupitia nondo za dirisha. Nje kulikuwa na mvua ya masika, na bati letu lilikuwa halina dari. Mjomba aliongeza sauti mpaka mwisho, mvua nayo ikaongeza.

Kanda zile saba zilizaa nyingine. Kufikia mwaka 2000 nilikuwa nazo 63: Enter the Dragon, Disco Dancer, Nagin, Commando, fainali ya Kombe la Dunia ya 1990, harusi mbili za ndugu, na kanda moja isiyo na jina ambayo kila mtu aliogopa kuiweka mbele ya mama. Kisha zikaja CD, kisha DVD, kisha flashi, kisha simu. Kanda zikaingia kwenye katoni ya biskuti, katoni ikaingia uvunguni.

Mwaka juzi, baada ya ubishi mwingine, nikasema leo namaliza maneno. Nikavuta katoni.

Kilichonipokea ni harufu ya ukungu. Kanda ya video ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku, na chembe hizo zimeshikwa kwa aina ya gundi. Picha yote ni mpangilio wa hizo chembe. Gundi hiyo hufyonza unyevu, na mtu aliyeishi Tanga au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Ikishafyonza vya kutosha hulainika, utepe huanza kunata, na ukiuchezesha unaacha ngozi yake kwenye kichwa cha deki. Ukungu nao huota kwenye kingo za utepe kama unga mweupe. Kati ya kanda zangu 63, 22 zilikuwa na huo unga. Ya Sholay haikuwa nao. Ilikuwa katikati ya katoni, imebanwa na harusi mbili.

Kazi ya pili ilikuwa kupata deki. VHS ililetwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, na kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inatengeneza deki zake, Funai, nayo ya Japani, iliacha mwezi Julai 2016. Maana yake ni kwamba deki zote zilizobaki duniani zinazeeka na hakuna mpya inayozaliwa. Nilizunguka kwa mafundi wa Kariakoo wiki tatu. Mmoja aliniuliza kama namtania. Mwingine, mzee, alipanda juu ya kabati lake, akashusha deki iliyofunikwa kwa kitenge, akaipuliza vumbi na kusema, "Hii nilikuwa namsubiri mwenyewe arudi kuichukua. Naona ndiye wewe." Hakuwa ananijua.

Nikaiweka kanda. Nikaketi peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani nikiitazama Sholay peke yangu, na kwa zaidi ya saa mbili nilikuwa na furaha ya mtu anayejua kwamba atashinda kesi. Na nilishinda. Mwishoni kabisa Thakur, bila mikono, anamaliza kazi mwenyewe. Gabbar anakufa. Nikampigia kaka simu usiku ule ule, nikaiweka karibu na runinga asikie. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole wa mtu mwenye uhakika, "Bwana mdogo, hiyo ni kanda yako. Mimi niliona polisi."

Sote wawili tulikuwa sawa. Nilipoanza kusoma habari za picha ile ndipo nilipojua kwamba Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar. Lakini mwezi Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikutaka wananchi waone mtu aliyekuwa polisi akichukua sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya: wakati Thakur anakaribia kumuua, polisi wanatokea, wanamzuia, wanamkamata Gabbar. Huo ndio mwisho ulioingia kwenye majumba ya sinema. Ule mwisho wa kwanza, hata hivyo, haukufa. Ulipenya kwenye kanda za video na kusafiri kwa njia zake, na inaelekea mojawapo ya njia hizo ilipita Muscat ndani ya mfuko wa mjomba wangu.

Ndugu zangu, huwa tunasema kumbukumbu si ya kuaminiwa, eti kanda ndiyo yenye ukweli. Kanda yangu ilinifundisha kwamba nayo ina tabia zile zile za kumbukumbu. Inasahau. Sholay ina urefu wa zaidi ya saa tatu, na kaseti iliyokuwa imeenea kwetu, E-180, ni ya dakika 180. Anayenakili afanye nini? Ama anunue kaseti mbili, ama akate. Wengi walikata. Kwenye kanda yangu wimbo mzima haupo: Veeru anafungua mdomo kuimba, mstari mweupe unapita kwenye kioo, na tayari tuko asubuhi nyingine. Huenda kuna mtu Pemba ambaye kanda yake iliondoa kitu kingine. Tumekulia kwenye picha moja yenye jina moja, na kila mmoja wetu ameona picha yake.

Hilo ni kosa la kanda. Sasa nikiri la kwangu.

Jai anakufa karibu na mwisho. Amebaki nyuma peke yake kuwazuia majambazi ili Veeru aende kuleta msaada. Veeru anaporudi, rafiki yake anakata roho mikononi mwake. Tangu 1987 nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakuna mtu aliyepiga picha ya mvua kama Sippy. Jai anakufa, mvua inanyesha, mtu hajui yapi ni machozi na yapi ni matone. Nimewahi kulisema hilo mbele ya wanafunzi wangu, kwa mikono na kila kitu. Basi nikaitazama sehemu ile mwaka juzi. Hakuna mvua. Hakuna hata tone. Ni miamba mikavu ya Ramanagara, karibu na Bangalore, na vumbi. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena, nikifikiri labda deki imekula kitu.

Mvua ile ilikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya bati la Tanga.

Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alieleza mwaka 1932 jaribio ambalo naona lilinihusu mimi. Aliwapa Waingereza hadithi ya kale ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena, mara baada ya muda mfupi, mara baada ya muda mrefu. Katika masimulizi yao mitumbwi iligeuka kuwa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi, na yale yasiyoeleweka kwa Mwingereza yakadondoka njiani. Hawakuwa wanadanganya. Kila mmoja aliijenga hadithi upya kwa vifaa alivyokuwa navyo nyumbani. Mimi nyumbani nilikuwa na mvua, nikaitumia.

Na wakati mwingine vifaa hivyo tulipewa na mtu mwingine. Nani hapa amewahi kuingia banda la video? Nyanyueni mikono, msione haya, wazazi wenu hawapo. Mnakumbuka benchi za mbao, joto, kiingilio cha sarafu, na mlangoni ubao wenye majina ya picha yaliyoandikwa kwa chaki kama alivyoyasikia mwandishi. Kwenye kumbukumbu yangu, katika The 36th Chamber of Shaolin, picha ya Hong Kong ya mwaka 1978, kuna pahala stelingi anabeba ndoo za maji huku visu vimefungwa mikononi mwake, akiinamisha mikono vinamchoma. Namkumbuka akimlaani mwalimu wake: kwamba mwalimu huyu angekuwa kondakta wa daladala abiria wangeshuka Manzese wakitembea kwa magoti. Miaka mingi baadaye niliitazama ikiwa na sauti yake ya asili. Stelingi anabeba ndoo. Hasemi neno.

Maneno yale yalikuwa ya mtafsiri. Dar es Salaam ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo, na jina lililotangulia yote lilikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya sauti ya picha na kusambazwa kwa kanda. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeandika juu ya sanaa yake, aliita kazi hiyo kugeuza wali kuwa pilau. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Wapo waliowadharau watu hawa kama wapotoshaji. Mimi nasema kwamba kwa kizazi kizima cha watazamaji wa kwetu, pilau ndiyo picha yenyewe. Ukimpa mtu wa banda la Temeke nakala safi ya picha aliyoipenda utotoni, iliyosafishwa rangi na sauti, atakuambia kuna kitu kimepungua, na atakuwa anasema kweli.

Sasa nifike kwenye uhifadhi niliowaahidi. Mwaka 2025 Sholay ilionyeshwa Bologna, Italia, katika tamasha la Il Cinema Ritrovato, ikiwa imerejeshwa pamoja na mwisho wake wa kwanza. Kazi hiyo ilifanywa na Film Heritage Foundation ya Mumbai pamoja na Sippy Films. Negativu ya asili ilikuwa imeharibika vibaya. Kilichosaidia ni nakala nyingine zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye maghala, Uingereza na India. Fikirini: picha iliyotazamwa na mamilioni, fahari ya taifa kubwa, nayo iliponea kwenye rafu za ghala.

Je, zetu? Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 mji wa Dar es Salaam ulisimama. Watu walilia barabarani. Filamu zake zilikuwa majumbani mwetu kwenye DVD zenye sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, tulizonunua Kariakoo au kwa vijana wanaouza mikononi. Leo nendeni mkaulize kila mzalishaji wa miaka ile, nakala mama ziko wapi? Mtaambiwa habari za kompyuta iliyoibwa, kiendeshi kilichokufa, ofisi iliyohama. Ninachojua kwa hakika ni kwamba DVD nyingi za picha zile ziko kwenye droo za mama zetu, chini ya vyeti vya kuzaliwa. Ndiyo maana nasimama hapa kusema kwamba mkusanyo wa nyumbani si takataka. Kwa filamu ya Kiswahili, inawezekana kabisa kwamba ghala letu la akiba ni droo hizo.

Kwa hiyo nina maombi machache, na ni ya kazi ya mikono. Kanda zisimame wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na spika, maana spika ina sumaku. Yenye ukungu usiiweke kwenye deki nzima. Utaua vyote viwili. Mpelekee anayejua kuisafisha kwanza. Ukipata nafasi ya kuhamisha kwenye kompyuta, usichague. Usiseme hii ni nakala chafu, tutaipata safi kwingine. Ile yenye sauti ya mtafsiri, ile yenye wimbo uliokatwa, ile ambayo mjomba aliirekodia harusi juu yake na dakika kumi za Disco Dancer zimebaki mwishoni, hiyo ndiyo isiyopatikana kwingine. Na kuhifadhi hakukupi ruhusa ya kuuza. Kazi ya mtu ni ya mtu.

Ombi la mwisho ndilo ninaloliona kubwa. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuchezesha, muulize aliyeiona zamani akusimulie. Aliiona wapi, na nani, nani alilia, inaishaje. Mrekodi. Halafu ndiyo muitazame pamoja. Ukitanguliza picha, picha itafuta alichokuwa nacho. Nimeshafutiwa mvua yangu na sasa nikimwona Jai anakufa namwona mkavu. Nakumbuka kwamba niliikumbuka, basi.

Nilijifunza hilo kwa kaka. Baada ya kujua kwamba Sholay ina miisho miwili, nilisafiri Mombasa kumpelekea habari njema kwamba ubishi umekwisha, sote tumeshinda. Tulikaa barazani kwake baada ya isha, nikamwomba anisimulie usiku ule wa sinema, bila kumkatiza. Akaeleza foleni. Akaeleza karanga za kwenye karatasi ya gazeti, kiti kilichomfinya mapaja, na jinsi ukumbi mzima ulivyopiga miluzi Gabbar alipotokea. Nikamuuliza, na polisi walipoingia?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kusema kweli pale nilikuwa nimelala. Picha ilikuwa ndefu, nami nilikuwa mtoto. Baba ndiye aliyenisimulia tulipokuwa tunarudi, amenibeba mgongoni."

Zaidi ya miaka 30, ndugu zangu, nimekuwa nikibishana na baba yetu bila kujua, na amefariki tangu 1996. Na kaka aliisema sawasawa, neno kwa neno, sehemu ambayo hakuiona. Kumbukeni sasa sarafu ya Jai. Anapokufa, Veeru anaitazama kwa mara ya kwanza na kukuta pande zote mbili ni sawa. Kila walipoachia bahati iamue, Jai alikuwa ameshaamua. Kaka alikuwa hivyo na mwisho wake: angeona polisi, asingeona polisi, upande ule ule ungetokea, kwa sababu aliupokea kwa baba.

Usiku ule barazani tulikubaliana kuitazama pamoja, wakati mwingine nitakapokwenda. Bado hatujaamua mwisho upi. Mimi nimeshamwambia tuweke wa polisi.